Sumu Inayoamka Saa Tisa

Haya ninayoyaeleza yametokea vile vile yalivyo. Sikuyatia chumvi, sikuyazimua kwa maji. Nikidanganya neno moja, ulimi wangu ukauke kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba, na meno yangu manne yaliyobaki yahamie kwa jirani. Mengine niliyapata kinywani mwa Inspekta mwenyewe, mwanamke asiyejua kudanganya hata akiulizwa umri wake. Mengine niliyaona kwa macho yangu haya mawili: la kulia ambalo ni zima, na la kushoto ambalo huona vizuri zaidi likifumbwa. Samaki elfu nne walikufa, mtu mmoja alitiwa ndani, na marehemu alionekana mchana kweupe, si mara moja. Anayetaka kubisha abishe, ila amalize kusoma kwanza.

*

Inspekta huyo walimwita Bi Saa. Si jina la cheti, ni jina la kituoni, kwa sababu kabla hajaandika lolote kwenye daftari lake huandika saa. Hata orodha ya vitu vya dukani huianza kwa saa. Siku hiyo aliandika: *6:20 mchana, chumba cha mahojiano*. Kisha akaketi, akalinyoosha goti lake bovu chini ya meza, akamtazama mwanamume aliyeletwa mbele yake.

Alikuwa na miaka thelathini na kitu, viganja vimepauka kwa kazi za majini. Kule kwenye mabwawa ya samaki kila mtu alimwita Mkwe, kwa kuwa alimwoa binti wa mwenye mabwawa akahamia hapo hapo kufanya kazi. Na sasa mwenye mabwawa, baba mkwe wake, ndiye aliyemshitaki kwamba ametia sumu bwawa kubwa mara tatu ndani ya siku tisa.

"Jalada lako linatoka hapa saa kumi na moja jioni," Bi Saa alisema. "Likishatoka, kesho asubuhi uko mbele ya hakimu. Mkeo ana mimba ya miezi mingapi?"

"Minane na wiki moja."

"Basi tusipotezeane muda. Chupa ya dawa ya wadudu ilikutwa chini ya kitanda chako. Ya nini?"

"Ya kunguni, afande."

"Kunguni?"

"Njoo ulale pale siku moja. Watajitambulisha wenyewe."

Konstebo aliyesimama mlangoni alicheka, halafu akakumbuka kwamba yuko kazini.

"Lile bwawa dogo nyuma ya ghala ni la nani?" Bi Saa aliendelea.

"Langu na mke wangu. Baba alitupa tulipooana."

"Maji yake?"

"Bomba lile lile."

"Chakula?"

"Gunia lile lile."

"Anayelisha?"

"Mimi. Yote mawili."

"Na samaki wako wangapi wamekufa?"

Mkwe akaitazama meza. "Hata mmoja."

"Unaiona mwenyewe habari hii inavyonuka."

"Naiona."

"Wiki sita zilizopita mlinzi alikusikia unampigia mzee wako kelele. Ulimwambia, 'Utajuta.' Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Atajuta nini?"

Mkwe alinyamaza. Nje ya dirisha mtu alikuwa akigonga bati, akipumzika, akigonga tena. Bi Saa hakumharakisha. Katika miaka yake ishirini na nane ya kazi alikuwa amejifunza kwamba mwongo hujaza kimya haraka. Huyu hakukijaza.

"Hilo ni la baba," Mkwe alisema mwishowe. "Siku ile nilimkuta katika hali ambayo mkwe hamtazami baba mkwe wake. Nikageuza uso. Nikikueleza wewe utaandika, na ukiandika litasomwa mbele ya watu."

"Unajua kosa hili lina miaka mingapi?"

"Nasikia saba."

"Saba, na bado unaona haya?"

"Afande, kama haya ningekuwa sina, nisingekuwa mkwe wa mtu."

Bi Saa alifunga daftari. Akalifungua tena, akaongeza mstari mmoja: *Anaficha jambo. Si lake.*

*

Alifika mabwawani saa saba na dakika tano. Harufu ilimpokea kabla ya mtu yeyote. Bwawa kubwa lilikuwa na ukubwa wa nusu uwanja wa mpira, na maji yake yalikuwa ya kijani kibichi, mazito, kama mtu amekoroga rangi ya milango ndani yake. Ukingoni palikuwa na lundo la samaki waliofukiwa nusu. Upande wa magharibi, sambamba na maji, visiki sita vinene vilikaa kwenye mstari ulionyooka. Mbele ya visiki palikuwa na kiti kimoja cha mbao. Hakuna aliyekuwa amekikalia, na hakuna aliyekuwa amekiondoa.

Mlinzi wa mahali hapo, mzee mwembamba aliyeitwa Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, alikuwa ameinuka zamani.

"Karibu mama, karibu sana, pole na safari, pole na goti, nimeliona hata kabla hujashuka garini. Ni lile la kushoto, au siyo? Mimi langu ni la kulia. Tungeungana tungepata mtu mmoja mzima."

"Mzee wangu, mbona kibanda chako kiko getini na wewe umekaa huku chini ya ukuta wa ghala?"

"Kivuli, mama. Kule kilikuwapo, kimekwisha. Jua la sasa hivi linakuchuna ngozi ukiwa umevaa."

Bi Saa akaandika saa, akaandika *kivuli*. Akauliza kuhusu kile kiti.

Redio akapunguza sauti, jambo ambalo, wanasema, halikuwa limetokea tangu aajiriwe. "Mama mwenye nyumba alifia pale. Miezi miwili sasa. Alikuwa na mtindo wake: kila siku saa tisa alasiri anakaa pale, bakuli la chakula mapajani, anawalisha kwa mkono. Siku hiyo nikapita nikamsalimia, hakuitikia. Nikasema labda ana hasira na mimi. Kumbe moyo ulikuwa umesimama. Bakuli halikumwagika hata punje moja."

"Na samaki?"

"Wanakufa saa hiyo hiyo. Si usiku, si alfajiri. Saa tisa. Wanapanda juu wote, vinywa wazi, wanaelekea kwenye kiti. Wanazunguka kama walevi, halafu wanalala ubavu. Wanamdai chakula, au yeye ndiye anayewaita. Mimi sijui, mimi ni mlinzi tu."

"Wewe umemwona?"

"Mara mbili. Juu ya maji, pale pale mbele ya kiti. Kitu cheupe kinatetemeka, hakina miguu."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwamkia. Ungefanyaje wewe? Alikuwa bosi wangu."

Bi Saa hakucheka. Aliteremka ukingoni kwa tahadhari, akapiga goti lake zima, akatazama maji yaliyotuama kwenye majani. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa humo, vingi, vikijikunja na kujikunjua kwa furaha zao. Akavitazama kwa muda mrefu kuliko Redio alivyoona ni lazima.

"Dawa ya wadudu gani hii," alijisemea, "inayoua samaki wa kilo nzima na kumwachia mtoto wa mbu acheze?"

Akatia mkono wake majini. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kisha akazunguka nyuma ya ghala, kwenye bwawa dogo la Mkwe. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshalifunika karibu lote. Maji yalikuwa ya kahawia, na chini aliona migongo ya samaki ikipita bila haraka. Akatia mkono ule ule. Yalikuwa baridi.

*7:25*, akaandika. *Bomba moja, gunia moja, mkono mmoja. Moja linaua.*

*

Mwenye mabwawa alimpokea sebuleni. Huyu alikuwa mzee wa miaka sabini na miwili, mtanashati, mwenye hekima nyingi, na hata mahasimu wake wanakiri kwamba kwa umri ule sura ilikuwa bado inalipa. Chumba kilikuwa na giza. Dirisha linalotazama bwawani lilikuwa limepigiliwa mbao kwa ndani, na mbao zenyewe zimefunikwa blanketi.

"Hupendi mwanga, mzee wangu?" Bi Saa aliuliza.

"Napenda. Sipendi unachonionyesha."

"Mlikuwa mnaelewana na mkweo?"

"Mkwe ni mtu wa kuelewana naye? Anakula kwangu, analala kwangu, ananiambia nitajuta kwangu. Na bwawa lake zima, langu limekuwa kaburi. Wewe unataka ushahidi gani zaidi, binti yangu? Unataka samaki waje watie saini?"

"Nataka kujua habari ya ile miti."

Mzee aliichukua fimbo yake, akaiweka, akaichukua tena. "Ilikuwa na wadudu."

"Nimeviona visiki. Vyote sita ni vizima, vinachipua."

"Umekuja kupeleleza samaki au kuni?"

"Nani aliikata?"

"Shoka," mzee alisema.

Uani pikipiki ilizima. Aliyeingia ni mtaalamu wa maabara ya wilaya, mwanamume wa makamo aliyezoeleka kwa jina la Chupa, ana sanduku la barafu mgongoni na karatasi mdomoni. Bi Saa alimpeleka chini ya ukuta wa ghala, mbali na masikio ya mzee.

"Bi Mkubwa, nimekuletea majibu yote matatu," Chupa alisema, akizipangusa karatasi mate. "Dawa ya wadudu hakuna. Zebaki hakuna. Risasi hakuna. Hata kile kiwanda cha ngozi cha kule juu, ambacho kila mtu anakinyooshea kidole, hakimo. Kilichopo ni amonia, na hiyo ni ile ile ya mwaka jana na ya mwaka juzi."

"Amonia ndiyo nini?"

"Kwa lugha ya watu? Mkojo wa samaki. Palipo na samaki wengi ipo. Kiasi hiki wameishi nacho miaka yote."

Bi Saa hakutazama namba. Alitazama juu kabisa ya kila karatasi, mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayetazama.

"Sampuli ya kwanza ilichukuliwa saa moja na dakika kumi asubuhi," alisoma. "Ya pili saa moja na tano. Ya tatu saa moja na robo."

"Ndiyo utaratibu wetu. Sampuli zote kabla jua halijawa kali."

"Kwa nini?"

"Barafu, Bi Mkubwa. Tunapewa mfuko mmoja kwa siku. Ukichelewa inayeyuka."

"Samaki wanakufa saa ngapi?"

"Saa tisa alas..." Chupa akaishia hapo.

"Wewe unamwendea mgonjwa asubuhi, homa imeshuka, amelala, unaandika ni mzima. Kila mara. Kwa ajili ya barafu." Bi Saa aliinamisha kichwa kuelekea maji ya kijani. "Nikuulize jambo la kijinga. Sumu inaweza kuwa ile ile, kiasi kile kile, ikawa haina neno asubuhi, na mchana ikaua?"

Chupa alitoa tabasamu lake la kumfundisha askari. Halikukaa. Likaondoka taratibu, na mahali pake pakabaki uso wa mtu aliyekumbuka jiko ameliacha linawaka.

"Kuna somo moja la chuoni," alisema, "nililifaulu, kisha nikalisahau."

*

Walianza kupima saa nane kasoro robo, bwawa kubwa na dogo, kila baada ya dakika ishirini. Chupa alikuwa na kipimajoto na vijikaratasi vya rangi. Kijikaratasi kikichovywa kwenye maji yenye uchachu kinaelekea njano. Kwenye maji ya kimagadi kinaelekea kijani, kisha buluu. Bi Saa aliandika saa, Chupa alisema namba.

Bwawa dogo halikuwa na habari. Nyuzi ishirini na sita, njano yenye kijani kidogo. Tena ishirini na sita. Tena.

Bwawa kubwa lilikuwa linapanda ngazi. Nyuzi thelathini na moja, kijani. Thelathini na mbili, kijani iliyokolea. Thelathini na nne, na kijikaratasi kikatoka majini kikiwa na rangi ya wino. Chupa akakitikisa kama vile kimemdanganya, akachovya kingine. Wino.

Binti wa mwenye mabwawa, mke wa Mkwe, alikuwa ametoka jikoni. Alisimama kando ya visiki, mkono mmoja kiunoni, tumbo limemtangulia.

"Usije huku, mwanangu," Redio alimwambia. "Saa yenyewe imekaribia."

"Ni mama yangu, Redio. Atanifanya nini?"

Upepo ulikuwa umekufa. Jua lilianguka juu ya maji bila kuzuiwa na kitu, na juu ya maji hewa ikaanza kutetemeka, nyeupe, mbele ya kiti. Saa tisa kasoro dakika mbili, samaki wa kwanza alipanda. Kisha kumi. Kisha bwawa zima likajaa vinywa. Vilifunguka na kufungika bila sauti, mamia, vyote vimeelekea upande mmoja, kwenye kile kiti kitupu, kama watu walioitwa mkutanoni. Mmoja akazunguka mara tatu, akalala ubavu, akaonyesha tumbo lake jeupe. Redio alivua kofia.

Binti alisema kwa sauti ndogo, "Mama, basi."

Bi Saa alihisi nywele za mikononi zikimsimama katika joto lile. Alitazama kiti, akakitazama tena. Alichokiona au asichokiona hakukiandika, na nilipomuuliza baadaye alinibadilishia mazungumzo. Ila alitembea, goti na yote, mpaka pale kitini, akainama nyuma yake, akainua majani kwa kalamu.

"Bomba," alisema.

Mdomo wa bomba ulikuwa hapo, chini ya kiti hasa, ukitiririsha maji mapya kama uzi.

"Hawamfuati mtu," Bi Saa alisema. "Wanafuata maji yasiyowaunguza. Chupa, niambie sasa."

Chupa alipiga magoti ukingoni akiwa na vijikaratasi viganjani kama karata.

"Amonia ina sura mbili, Bi Mkubwa. Sura ya kwanza ni ya upole, haiingii kwenye matamvua anayopumulia samaki, inapita zake. Sura ya pili inapenya, inaunguza, inafika mpaka kwenye damu. Inayoamua ivae ipi ni maji yenyewe. Yakiwa baridi na hayana magadi, karibu yote ni ile ya upole. Yakiwa ya moto na ya kimagadi, inageuka. Kiasi ni kile kile. Hakuna aliyeongeza tone."

"Na magadi yametiwa na nani?"

"Na huu ukijani. Ni vimea vidogo sana, vinapenda jua. Vikipata jua kutwa vinakula ile hewa ya ukaa iliyomo majini, na maji yakiikosa yanaelekea kwenye magadi. Kilele ni alasiri. Jua likizama yanarudi. Asubuhi nakuja mimi na barafu yangu, muuaji nakuta amelala fofofo, naandika salama."

"Kwa hiyo alikuwa humu miaka yote."

"Miaka yote. Alikuwa amefungwa tu."

"Kwa nini?"

Wote wanne waligeuka wakavitazama visiki sita vya upande wa magharibi, upande ambao jua la alasiri hutokea.

Bi Saa alimwuliza binti, na hakulikwepa swali. "Mwanangu, nani aliikata?"

"Baba," binti alisema. "Wiki mbili baada ya kumzika mama. Mume wangu alimkimbilia kumzuia. Alimwambia, maji haya yamezoea kivuli, baba, utajuta. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia. Nilipotoka, mume wangu alikuwa anarudi ameinamisha kichwa. Akaniambia nisiende kule, nimwache baba."

"Hukusema kituoni?"

"Hakuna aliyeniuliza habari za miti. Mliniuliza habari za chupa ya dawa."

Bi Saa aliandika saa: *9:35*. Halafu akaiandika sentensi hiyo ya mwisho neno kwa neno, ingawa ilimuumiza yeye mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeuliza habari za chupa. Akawaambia wafungue bomba mpaka mwisho. Binti aliyavuta mashuka yote kwenye kamba ya nguo, Redio na Chupa wakayatandaza juu ya mdomo wa bomba kwa vijiti, na samaki waliobaki wakajisukuma chini ya kivuli kile cheupe, bega kwa bega.

*

Ilibaki saa moja na robo jalada litoke. Bi Saa aliingia sebuleni bila kubisha, akakaa mbele ya mzee katika lile giza.

"Mzee wangu, sumu haikutiwa. Iliamshwa. Umeiamsha wewe siku ulipokata miti."

Alimweleza yote, taratibu, tangu barafu mpaka wino. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Fimbo ilimponyoka, hakuiokota.

"Kila alasiri upepo ulikuwa unapita kwenye yale majani," alisema. "Nilikuwa namsikia. Si kama hivi watu wanavyosema, nilikuwa namsikia. Ananiita lile jina alilokuwa ananiita tukiwa wawili tu. Natoka, nakuta kiti. Natoka, nakuta kiti. Nikasema kama majani hayapo hataita. Nilikata tangu asubuhi. Wa sita ulipoanguka nikaona nimemkata yeye. Nikalikumbatia gogo. Nilikuwa sina shati, nalia, udenda unanitoka. Nikainua macho, nikamkuta mkwe wangu amesimama."

Bi Saa hakuandika kitu. Aliweka kalamu mezani.

"Bila neno lako kabla ya jalada kutoka," alisema, "hakimu ataona chupa, tishio na bwawa la mkweo likiwa zima. Ya kwangu ni vijikaratasi vya rangi."

Na hapo ndipo mzee yule alipoonyesha aliumbwa kwa udongo gani. Aliinuka wima kama askari. Akavaa koti lake la harusi. Akaingia kituoni mwenyewe, saa kumi na nusu, kifua mbele, akafuta mashitaka kwa mkono wake, kisha mbele ya askari, mahabusu na mpita njia akamkumbatia mkwe wake, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Mwanangu, nimekukosea, nisamehe." Konstebo alilia. Mahabusu walilia. Inspekta naye alisema kwamba katika miaka ishirini na nane hajawahi kuona mwanamume

*

"Baba."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mjukuu kiunoni, anasoma begani kwangu. Sikujua amesimama tangu lini.

"Hii umeiota wapi?" akaniuliza.

"Ipi?"

"Hii ya koti la harusi. Wewe hukwenda kituoni. Ulimpa Redio barua aipeleke, wewe ukajifungia sebuleni. Mume wangu alirudi kwa miguu. Nikamtengea chakula, ukatoka, ukakaa, ukamwuliza kama njiani kumenyesha."

"Ni riwaya, mama. Riwaya bila chumvi nani ataila?"

"Tia chumvi kwenye meno yako manne. Tia kwenye hiyo sura yako inayolipa. Hapa usitie." Akamhamisha mtoto upande wa pili. "Mwaka na miezi miwili, baba. Kila siku mnakula sinia moja. Anangoja."

"Amekwambia anangoja?"

"Yule? Yule angekwambia wewe kwanza kabla ya kuniambia mimi, na wewe unajua hakwambii."

Niliweka kalamu. Nilitafuta fimbo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana ilikuwa mkononi. Kisha nikatoka.

Alikuwa ukingoni mwa bwawa kubwa, anafunga upya neti ya kivuli kwenye nguzo, mdomoni ameuma kamba. Nikasimama hatua tatu kutoka kwake. Kusema kweli zilikuwa saba, lakini nilizipunguza baadaye kwa kutembea.

"Nilikukosea," nikasema. "Nilijua dawa ile ni ya kunguni. Mimi ndiye niliyekupa fedha ya kuinunua. Nilikushitaki kwa sababu uliniona nikilia pale, na kila nikikutazama nilikuwa najiona. Nilitaka uondoke na ulichokiona. Nisamehe, mwanangu."

Alimaliza fundo lake. Akatoa kamba mdomoni. Hakunitazama usoni, kwa heshima au kwa jambo jingine.

"Sema tena, baba," akasema. "Upepo umeyachukua."

Hapakuwa na upepo wowote. Neti ilikuwa imetulia, maji yametulia, hata jani moja halikutikisika. Nikasogea mpaka karibu yake, nikasema tena, kwa sauti, lote, tangu mwanzo.